Kanuni Hii Itamchosha Nani?

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu. Mungu anisamehe, na mke wangu anisamehe pia, maana yuko hapa ananisikia nikisoma kwa sauti kila sentensi ninayoandika. Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nimesimama mbele ya ofisi ya kijiji chetu, huku milimani upande wa Kasulu, nimekumbatia daftari kifuani kama padri aliyebeba kitabu cha Injili. Mbele yangu watu walikuwa wakipanga mistari miwili. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka kumaliza mafunzo ya ukatekista, na niliamini kabisa kwamba siku hiyo nilikuwa nimeifanyia haki kazi nzuri.

Mwanangu, nakuandikia kwa sababu ya karatasi uliyoniachia juzi. Umechaguliwa kuwa katibu wa jumuiya yetu ya watumia maji, na nakupongeza, maana nilikubatiza kwa maji ya chemchemi hiyohiyo siku ulipozaliwa dhaifu na padri akiwa mbali. Karatasi yako inasema kwamba safari hii, atakayetaka kupiga kura ya kuchagua kamati ajiandikishe kwanza kwa simu, kwa namba yake mwenyewe, kabla mwezi haujaisha. Asiyejiandikisha hatapiga. Umeniomba niweke sahihi yangu chini, kwa kuwa watu wananiamini. Nimeisoma mara tatu. Imeandikwa vizuri, haina kosa hata moja. Ndiyo maana naishuku.

Usikasirike. Sisemi una nia mbaya. Mimi pia sikuwa nayo, na hapo ndipo habari yangu inapoanzia.

Wakati ule kijiji kilikuwa na vitongoji viwili vikubwa. Juu, karibu na barabara, palikuwa Mlimani: ofisi, kanisa, mashine ya kusaga, mashamba ya kahawa. Chini palikuwa Mtoni, ambako familia nyingi zilikuwa zimetoka ng'ambo, Burundi, miaka mingi kabla, na wakati huo walikuwa raia kama wewe na mimi. Walilima kabichi na maharage bondeni. Maji yalitoka kwenye chemchemi moja, yakaingia tangini, na kutoka tangini yakagawanyika: bomba moja kwenda kwenye vilula vya Mlimani, pale watu wanapokinga ndoo, jingine kwenda vya Mtoni. Aliyeshika ufunguo wa koki ya tangi ndiye aliyekuwa akiamua nani anachota asubuhi na nani anangoja. Huyo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji.

Miaka yote mwenyekiti alikuwa Mama Skolastika, mjane wa Mtoni, mwanamke mwenye mikono migumu aliyeongoza wenzake kuchimba mtaro wa bomba wakati wanaume wengi walikuwa wakisema haiwezekani. Na alichaguliwa kwa desturi ambayo leo mtaicheka. Siku tatu mfululizo kibuyu kilitundikwa pale chemchemini, asubuhi, na siku hizo wote walichota hukohuko. Kila aliyekuja na ndoo alitumbukiza ngumi kwenye mdomo wa kibuyu na kuifungua ndani. Harage lilikuwa kura ya mgombea huyu, punje ya hindi kura ya yule. Hakuna aliyeona ulichoachia. Bibi wawili walikaa pembeni wakilinda, mmoja wa Mlimani na mmoja wa Mtoni, wakisali rozari na kupigana vijembe. Hapakuwa na orodha. Ndoo yako ndiyo ilikuwa kitambulisho chako.

Mwaka ule Bwana Edmundi, mwenye mashine ya kusaga, alitaka uenyekiti. Alikuwa mtu mcheshi, mkarimu, anayejua jina la kila mtoto. Alikuwa pia na tanuri la matofali pale juu, na matofali hunywa maji kuliko ng'ombe. Hilo nililijua. Kila mtu alilijua. Lakini mtu akikuchekea kila siku, unaona aibu kumshuku.

Uchaguzi ulipofanyika kwa kibuyu, Mama Skolastika alishinda. Tatizo ni kwamba tulipomwaga punje kwenye mkeka, zilizidi. Bibi walinzi walikuwa wamehesabu ndoo kwa vijiti, na punje zilikuwa nyingi kuliko vijiti. Hazikuzidi sana, lakini zilizidi.

"Hee!" Edmundi alisema, akicheka mpaka anashika tumbo. "Maharage ya Mtoni yanazaana ndani ya kibuyu? Nipeni mbegu hiyo nikapande!"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Mpaka leo sijui nani aliweka zile punje za ziada. Ninalo jina moyoni, na nimelipeleka kwenye kitubio mara nyingi, kwa sababu sina ushahidi, na kumshuku mtu bila ushahidi ni kumpiga ukiwa nyuma yake. Naliacha hapo.

Uchaguzi ukafutwa. Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, nikapewa kazi ya kuandika kanuni mpya. Mwanangu, hakuna mtu hatari kama kijana mwema aliyepewa kalamu. Niliketi na Edmundi barazani kwake siku mbili, tukinywa chai.

"Mwalimu," akaniambia, maana aliniita mwalimu ingawa nilikuwa katekista wa juzi tu, "gizani ndimo unamozaliwa wizi. Watu wapange mistari nyuma ya wagombea, mchana kweupe. Nani ataiba hapo?"

Sikuona kosa. Nilikuwa nimefundishwa kwamba matendo mema hayaogopi mwanga, nikadhani hilo latosha. Nikaandika: mistari.

"Na tusifanyie kule chemchemini kwenye matope. Ofisi ipo, ina bendera."

Nikaandika: ofisini.

"Siku iwe Jumatano. Mashine yangu inapumzika Jumatano, hakuna atakayesema alikuwa kwenye foleni ya kusaga."

Hapo nilisita kidogo, si kwa sababu ya haki, bali nilikumbuka kwamba Jumapili nina ibada na Jumamosi nina mafundisho ya watoto. Jumatano ilinifaa mimi. Nikaandika: Jumatano, siku moja, asubuhi mpaka saa sita.

Jumatano ilikuwa siku ya gulio kule barabara ya Manyovu. Wanawake wa Mtoni waliondoka alfajiri na vikapu vya kabichi vichwani, wakarudi jioni. Nilijua. Nikajiambia, anayependa maji ataacha gulio mara moja.

Nilikwenda kusoma kanuni kwa Shangazi Melania, dada wa baba yangu, aliyenilea mama yangu alipofariki. Aliolewa Mtoni, na kilula kilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwake. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwake kuliko mali, kwa sababu magoti yake yalikuwa yameanza kukataa kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua kisamvu.

"Mwakeye, mheshimiwa," akanisalimu kwa Kiha, kwa kunidhihaki, kana kwamba ndiyo kwanza nimeingia. "Umesoma vizuri. Sasa niambie, kabichi itasubiri Jumatano ijayo?"

"Shangazi, ni mara moja tu."

"Ego, ndiyo. Na mimi nitapandaje mlima ule? Utanibeba mgongoni?"

Nikamwambia maneno ambayo ningelipa chochote kuyarudisha kinywani. Nilimwambia, "Wewe pumzika, Shangazi. Kura moja haiwezi kubadili kitu."

Akaniangalia. Akaendelea kuchambua kisamvu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kidole changu siku hiyo kilikuwa kizima kabisa.

Jumatano ikafika. Mstari wa Edmundi ulizunguka ofisi mpaka kwenye migomba. Wa Mama Skolastika ulikuwa mfupi kama mkia wa mbuzi: wazee wachache wa Mtoni waliopanda kwa mikongojo, wanawake watatu walioacha gulio, na watu kadhaa wa Mlimani. Kati ya hao wa Mlimani alikuwapo jirani yangu, Zabroni, aliyeniambia waziwazi juma lililotangulia kwamba kamwe hatampa Edmundi kura. Alisimama mahali pake kama mtu aliyesimama kwenye jua kali. Edmundi akapita akisalimia mistari yote miwili, kwa furaha, kama bwana harusi.

"Zabroni ndugu yangu! Muhogo wako umekauka? Ulete kesho, nitakusagia wa kwanza."

Hakutisha mtu. Hakutoa kitu. Alisema maneno hayo tu, akatabasamu, akaenda. Zabroni akatazama chini. Baada ya kitambo kidogo akajikohoza, akavuka nafasi kati ya mistari miwili kama mtu anayekwenda kutema mate, na hakurudi.

Nilihesabu mara tatu. Kila aliyesimama nilimgusa bega. Edmundi alishinda waziwazi. Na sikiliza vizuri, mwanangu, maana hapa ndipo panaponikosesha usingizi: hakuna kura hata moja iliyoibwa. Hesabu yangu ilikuwa safi. Kila kilichoharibika kilikuwa kimekwisha kuharibika barazani kwa Edmundi, juu ya karatasi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Haukupita mwezi. Koki ya Mtoni ikawa inafungwa alfajiri na kufunguliwa mchana, "kwa sababu Mlimani kuna watu wengi zaidi." Tanuri likawaka. Shangazi Melania, ambaye alipika uji wake asubuhi na hakuwa na mtu wa kumtuma, akaanza kushuka mtoni na dumu dogo. Asubuhi moja yenye utelezi alianguka. Tulimbeba kwa machela mpaka hospitali ya Kabanga, na nawashukuru waliompokea, walifanya yote ambayo binadamu anaweza. Nyonga iliungana. Lakini kutoka siku hiyo hakutembea tena bila kushikwa.

Kaka zake wakamlaumu Edmundi. Nikawaacha wamlaumu. Ilikuwa rahisi.

Nilipoona moyo haunitulii hata nikiwa mbele ya tabernakulo, nilikwenda kwa Mzee Ruhaga. Alikuwa mzee wa kanisa, mfuga nyuki, aliyehamia kwetu kutoka Gwarama, upande wa Kibondo wa zamani, na mizinga yake aliitundika msituni juu ya chemchemi. Nilimkuta ameketi chini akichonga mfuniko wa mzinga. Nikamweleza yote, isipokuwa lile neno nililomwambia shangazi.

"Uliiba kura?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Edmundi aliiba?"

"Hapana. Nilihesabu mwenyewe."

"Basi unalia nini?"

Akanipa mzinga niushike, akaweka kidole kwenye tundu dogo la mbele, pale nyuki wanapoingilia.

"Nikitaka nyuki wapungue humu," akasema, "unadhani nawasha moto? Nawaua? Hapana. Naubana mlango kidogo. Au naugeuza mzinga, mlango uelekee upepo. Sijamfukuza nyuki hata mmoja. Lakini yule mwenye bawa bovu, yule aliyetoka mbali na amebeba mzigo, ataugusa mlango mara mbili, mara tatu, kisha ataacha. Na nitakuapia mbele ya padri kwamba mlango uko wazi."

Akauchukua mzinga wake.

"Ulipoandika kanuni zako, ulijiuliza ni nani zitakayemchosha?"

Nikaanza kuokota vipande alivyokuwa akichonga.

"Hukujiuliza. Ulijiuliza kama ni safi. Mtoto wa shule wewe. Sahani huwa safi pia ikiwa haina chakula."

Nilirudi nyumbani nimevunjika, na nikaanza kuandika upya. Ungedhani nilikuwa nimejifunza. Sikiliza nilichoandika. Uchaguzi ushuke Mtoni, kwenye vilula vyao, siku ya Jumapili mara baada ya ibada, na wapige kura wale tu wanaobeba ndoo wenyewe kichwani, si wanaoletewa maji na vibarua. Hilo la mwisho nililiona la kijanja sana, kwa sababu lingeikata nyumba ya Edmundi na majirani zake wote wa barabarani. Nikampelekea Mzee Ruhaga nikitembea kama mtu aliyeleta sadaka nono.

Alisoma akicheka polepole. Kisha akaacha kucheka.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," akasema. "Jana ulimchosha shangazi yako, leo unataka kumchosha nani? Bibi yule wa Mlimani mwenye upofu, ambaye kijukuu humletea maji, si mtu? Umeugeuza mzinga tu, mlango utazame upande mwingine wa upepo."

"Lakini mzee, hawa ndio waliodhulumu!"

"Kanuni haijui nani alidhulumu. Kanuni inajua nani amechoka." Akanirudishia karatasi. "Ukiona kanuni mpya inakufurahisha sana, ishuku mara mbili. Ile inayokuumiza utaishuku mwenyewe, huhitaji mawaidha yangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika ukoo wetu mguu uliovunjika tayari ulitosha.

Kazi ya kuandika ile ya tatu haikuwa ya barazani. Nilitembea. Nilikwenda kila kilula, asubuhi ya siku ya gulio na asubuhi isiyo ya gulio, nikiuliza swali lilelile: ukitaka kupiga kura, nini kitakuzuia? Mmoja akasema umbali. Mwingine akasema mume wake. Mwingine akasema mashine ya kusaga, kisha akatazama nyuma yake. Zabroni aliniambia, "Nizuilie macho ya watu, mengine nitajiweza." Edmundi mwenyewe nilimuuliza, na alinijibu jambo la kweli: kwamba punje zilizidi, na kama hatutaziba ufa huo, atakayeshindwa hatakubali. Alikuwa na haki. Mtu unayemshuku anaweza kusema kweli, na ukiikataa kwa sababu ya kinywa kilichoitoa, wewe ndiye mwongo.

Basi mkutano wa kijiji ukapitisha kanuni hizo na uchaguzi ukaitishwa upya: kibuyu kikarudi, lakini safari hii kikatembea. Siku tatu, hakuna hata moja iliyokuwa ya gulio: Mtoni asubuhi, Mlimani jioni, na punje za kila upande zikatunzwa peke yake. Kila mpiga kura alipewa na walinzi harage moja na hindi moja mkononi, akatumbukiza moja ndani, na ile iliyobaki akaitupa ndani ya chungu kilichofunikwa kitambaa, bila mtu kuona. Aliyekwisha kupiga alichovya kidole kwenye majivu ya mkaa yaliyokorogwa na mafuta. Na kwa wagonjwa, kibuyu na chungu vilipelekwa mpaka kitandani, na walinzi wote wawili nyuma yake.

Niliingia navyo kwa Shangazi Melania. Alikuwa amelala ubavu, amejifunika kitenge. Tukageuka kutazama ukuta. Tulisikia punje ikigonga ndani ya kibuyu.

"Mheshimiwa," akaniita. "Ile kura moja isiyobadili kitu, nimeipiga."

Nilipiga magoti pale pale, na bibi walinzi wakadhani nataka kusali. Nilikuwa nataka kusali kweli, lakini kwanza nilimwomba msamaha, mbele yao, kwa neno lile. Akanisamehe. Alinisamehe upesi mno, na hilo liliniuma zaidi.

Tulipomwaga punje, hazikuzidi. Waliopiga walikuwa wengi kuliko mistari yote miwili ya Jumatano ile ikiunganishwa. Mama Skolastika alirudi. Na jambo lililowashangaza wengi ni kwamba hata kati ya punje za Mlimani, za Edmundi zilikuwa chache kuliko watu waliosimama kwenye mstari wake siku ile. Watu walewale, kijiji kilekile, mgombea yuleyule. Kilichobadilika ni mlango. Edmundi akatikisa kichwa, akacheka, akasema, "Kumbe mlikuwa mnanipenda kwa macho tu!" Akamkabidhi mjane ufunguo wa koki. Nimpe haki yake, aliukabidhi siku hiyohiyo.

Siku iliyofuata maji yalitoka kwenye kilula cha shangazi alfajiri. Nilimchotea ndoo nikampelekea ndani. Alinawa uso, kisha akasema, "Maji yamerudi. Miguu haikurudi." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Aliishi miaka mingine mingi, na kila alfajiri nilimchotea mimi. Namshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Sikustahili adhabu laini kiasi hicho.

Sasa, mwanangu, karatasi yako iko mezani kwangu, chini ya miwani. Najua punje zimepitwa na wakati, na sikuombi uzirudishe. Najua pia kwamba mwaka uliopita majina yalirudiwa kwenye orodha, na una haki ya kutaka kuziba ufa. Lakini ninyi mlioandika mna simu, na mnakaa pale barabarani penye mtandao. Kule Mtoni mtandao hupatikana juu ya kichuguu, na nyumba nzima hutumia namba moja, na namba hiyo huwa mfukoni mwa baba. Mama atajiandikisha kwa namba ya nani? Bikizee aliyefiwa na watoto je? Hakuna atakayewafukuza. Wataugusa mlango mara mbili, mara tatu, kisha wataacha, nawe utahesabu vizuri na kutangaza mshindi kwa dhamiri safi. Dhamiri safi ya namna hiyo ninaifahamu. Niliivaa Jumatano ile.

Kwa hiyo sitaweka sahihi leo. Chukua karatasi hii, shuka Mtoni kwa miguu, si kwa bodaboda. Kaa kwenye kila kilula mpaka ndoo ya mwisho ijae, na uwaulize wanaochota ni nini kitakachowazuia. Waulize na wale usiowapenda. Yule atakayeshindwa kujiandikisha kwa simu mfungulie mlango mwingine, wa daftari na jirani wawili wa kumshuhudia, uwe mpana sawasawa na wa kwanza. Kanuni ikija kwako, iwe ya kijiji au ya nchi, iwe imeletwa na adui au na rafiki, usiulize tu kama ni safi. Uliza itamchosha nani, na kwa nini imekuja sasa, na ni nani anayetabasamu ikisomwa. Ukigundua anayetabasamu ni wewe, rudi mwanzo uisome tena. Ukimaliza, njoo. Kalamu yangu ina wino.

Mungu wa chemchemi na wa wenye kiu akushushe salama kwenye njia ile ya utelezi, akurudishe salama. Akupe masikio marefu kuliko mwandiko wako. Akukinge na ushindi ambao waliochoka hawakuwapo kuuona, na siku ya kuhesabu, ukikuta umeshindwa, akupe moyo wa kukabidhi ufunguo kabla jua halijazama. Amina.